Gramu kwa Gramu

Gunia limekwisha Jumanne.
Nimelikung'uta kama mtu atafutaye sarafu kwenye pindo la kanga,
likatoa kiganja kimoja cha vumbi jeupe
na lebo ya nchi nisiyoijua.
Feldspa. Dukani Mbeya wamecheka:
"Mama, hiyo ni dawa ya ng'ombe?"

Na Mwakalinga wa hoteli anataka vikombe sitini,
vyeupe, "kama vile vya mwanzo",
kabla ya wageni wa Pasaka.

Daftari la dada liko wazi mezani,
limevimba kwa maji ya vidole vyake:
feldspa hamsini, chokaa ishirini,
silika ishirini, kaolini kumi.
Jumla mia. Amepiga mistari miwili chini yake,
kama alivyopiga chini ya kila jambo.

Basi nimetoka.
Mvua ya Tukuyu haingoji mtu avae viatu.
Korongoni, chini ya mlima Rungwe,
nimeokota lile jiwe jepesi tunalosugulia visigino,
lenye matundu kama mkate,
jiwe lililokwisha kuyeyuka mara moja
na huenda bado linaikumbuka njia.
Nimelitwanga kwenye kinu cha kisamvu
mpaka Tusekile akanuna:
"Mama mdogo, leo tunakula mchanga?"

Chokaa nimeichota kwenye chakula cha kuku.
Pumba za mpunga wa Kyela nimezichoma hadi zikawa nyeupe.
Majivu ya mgomba nimeyaosha maji matatu,
na maji ya kwanza yamenila vifundo vya vidole.

Nikaanza kama mjinga anavyoanza:
toa hamsini, weka hamsini.
Kigae cha kwanza kilitoka tanurini kikavu
kama ulimi wa mgonjwa.
Cha pili kilitiririka, kikaganda na rafu,
nikakibandua kwa patasi.
Cha tatu glezi ilijikunja ikaacha udongo uchi,
kichwa cha mtoto mwenye mapunye.

Jiwe haliji peke yake.
Linakuja na chuma chake, na mchanga wake, na chumvi zake.
Ukilikaribisha, punguza pumba,
ongeza jivu, ibane chokaa,
wahesabu upya wote waliomo ndani ya ndoo.

Hesabu hii naijua.
Dada alipozikwa, wazee walikaa upande wa pili wa ukuta
wakanitaja kwa sauti ya kawaida kabisa,
kama watu wanaopanga bei ya debe la mahindi:
ametoka mmoja, aingie mmoja.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na cherehani ya mkopo.
Watoto wawili walinitazama mikono.
Chai yangu ilizidi tangawizi.
Walikunywa. Hawakusema kitu.
Kwa miaka mingi hawakusema kitu.

Kigae cha kumi na moja:
jiwe arobaini na nane,
jivu la mgomba kumi na mbili,
chokaa ya kuku kumi na tano,
kaolini kumi na nane,
pumba saba.
Nilikigonga kwa ukucha, kikaitika.

Ijumaa alfajiri nimefungua tanuri, nyusi zikanukia moto.
Vikombe vina kijani kilichofifia, kama chai changa kwenye ukungu,
na ukingoni, glezi ilipokuwa nyembamba,
wekundu wa ganda la ndizi iliyolala.

Mwakalinga amekigeuza kimoja, akakigeuza tena.
"Si cheupe."
"Si cheupe."
"Hiki sicho kile."
"Sicho."
Amechukua arobaini, tena kwa bei ya kunitia hasira.
Ishirini vimebaki dirishani.
Tusekile ametwaa kimoja bila kuomba,
amemimina chai, ameketi kizingitini,
anapuliza.

Ukurasa wa dada sijaufuta.
Nimefungua mwingine, nikaandika kwa kalamu yenye wino mchache:
jiwe, jivu, chokaa, kaolini, pumba.
Jumla mia.
Mstari mmoja unatosha.